Canter imetoka gereji, sasa inagoma asubuhi na haivuti mlimani: usinunue pampu bado

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Canter ya zamani yenye injini ya 4D33. Napeleka viazi Dar kutoka Njombe, narudi na bidhaa za madukani. Mwezi uliopita nikirudi na mzigo ilichemsha Kitonga. Ikavutwa hadi gereji, wakabadilisha gasketi ya hedi, hedi ikaskimiwa (ikakwanguliwa uso ili inyooke), nozeli zikatengenezwa, na pampu ya dizeli nayo ikashushwa 'kwa vile gari limeshafunguliwa'. Tangu itoke, asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka. Ikiwaka inatoa moshi mweupe kama dakika kumi huku inamisi. Ikikutana na mlima inakosa nguvu, na maji ya rejeta yanapungua karibu lita moja kila safari. Gereji wanasema pampu imekufa, ninunue nyingine ya mtumba. Nifanyeje?" Dereva na mwenye gari, Makambako.

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa Kitonga, mlima ule umewavua wengi kofia za rejeta. Hiyo hela ya pampu iache kwanza ilipo.

Gari likija kwangu limetoka gereji nyingine, kabla sijashika spana huwa nauliza liliingia kule likiumwa nini na likatoka likiumwa nini. Lako liliingia na ugonjwa mmoja tu, kuchemsha. Asubuhi lilikuwa linawaka na mlima lilikuwa linapanda. Limetoka na ule wa kwanza haujapona, maana maji bado yanapungua, na mingine miwili imezaliwa humo humo ndani. Pampu ya 4D33, ile ndefu yenye mabomba manne yaliyojipanga mstari mmoja, huchakaa polepole kwa miaka. Si kitu cha kuingia gereji kizima na kutoka maiti baada ya wiki moja. Kilichobadilika wiki ile ni mikono ya mafundi, kwa hiyo tutapita mle mle walimopita. Nasema hivi bila kuwasema vibaya wenzangu, kwa sababu kosa nitakalokueleza hapa chini nimelifanya mimi mwenyewe.

Jambo jingine: usiyafungie matatizo matatu kwenye kamba moja. Kugoma asubuhi, kukosa nguvu na kupoteza maji vinaweza kuwa na sababu tatu tofauti. Fundi anayetafuta kitu kimoja cha kueleza yote ndiye anayeishia kwenye pampu, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo isiyoonekana ndani.

Kesho alfajiri kabla hujawasha, vuta kijiti cha oili. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au imepanda juu ya alama kuliko ulivyoiacha, usipige stata. Rangi ya maziwa ni maji. Oili iliyopanda, imekuwa nyepesi na inanuka dizeli, ni mafuta yanayovujia ndani kupitia pampu. Katika hali zote mbili ukiwasha unakwenda kuua beringi, na hapo tutakuwa tunazungumzia kushusha injini nzima.

Kama oili iko salama, fanya jaribio la kugoma asubuhi. Halina gharama. Gari likiwa limelala usiku mzima, nenda kwenye ile pampu ya mkono ya kusukumia dizeli, ibonyeze taratibu na uhesabu. Mfumo usio na hewa huwa mgumu baada ya kubonyeza mara chache tu. Ukibonyeza ishirini, thelathini, ndipo unasikia inaanza kukaza, basi usiku dizeli imerudi tangini na mahali pake pameingia hewa. Sasa piga stata. Ikiwaka mara moja, na jana ilihitaji dakika tatu, umeshapata nusu ya jibu: hewa inaingia mahali kati ya tangi na pampu, palipofunguliwa na kufungwa. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni washa za shaba kwenye bolti za mabomba ya dizeli. Washa ikishakandamizwa mara moja inabaki na mfereji, ukiirudisha haizibi vizuri. Dizeli inaweza isidondoke hata tone, lakini hewa ikapita. Mtuhumiwa wa pili ni mpira wa filta uliokaa upande. Weka kipande cha bomba linaloonyesha ndani kwenye njia ya kuingia pampu, uwashe, uangalie. Mapovu yakipita kama soda, fuata njia kuelekea nyuma, kiungo baada ya kiungo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilirudisha pampu ya lori, nikafunga kila kitu, nikatoa hewa, gari likawaka. Likaondoka. Siku ya pili likarudi: linawaka kwa shida, mzigoni halivuti. Nilikaa nalo siku mbili. Nilibadilisha filta, nikafungua tena nozeli, nikafikia hata kumwambia mwenye gari, kama ulivyoambiwa wewe, kwamba pampu imechoka. Fundi pampu mmoja mzee alipita kusalimia, akainama, akafungua bolti mbili, akaziweka kwenye kiganja changu. Kwa nje ni mapacha: bolti yenye tundu katikati, ya kupitisha dizeli kwenye kiungo cha bomba. Lakini ile ya bomba la kurudisha dizeli tangini ina kijispringi na kigololi ndani. Kazi yake ni kuizuia dizeli isikimbie kurudi, ili chumba cha mafuta cha pampu kibaki kimejaa na kina presha. Mimi nilikuwa nimeweka bolti ya kawaida pale, na ile ya springi nikaipeleka kwingine. Dizeli ilikuwa inaingia na kutoka bila kukaa. Nilizibadilishana, gari likapona, nikaona aibu kumtazama mwenye gari usoni.

Kwa hiyo fungua bolti ya bomba la kurudisha, itikise karibu na sikio, kisha chungulia tundu lake kwenye mwanga. Ukiona tundu liko wazi moja kwa moja kama filimbi, hiyo siyo yake. Tafuta pacha wake kwenye viungo vingine vya pampu na filta. Na kama springi imo lakini imevunjika au kigololi kimekwama wazi, matokeo ni yale yale.

Turudi kwenye moshi. Moshi mweupe ni wa aina mbili na pua yako inatosha kuzitenganisha. Simama nyuma ya ekzosi, usikaribie sana. Moshi unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyopulizwa yakakosa kuungua. Mvuke usiochoma macho, unaolowanisha mdomo wa bomba na kupotea haraka hewani, ni maji. Makambako kwa ile baridi na upepo wenu, kila gari litatoa mvuke kidogo alfajiri, hilo lisikutishe. Dakika kumi ndizo zinazonitisha.

Kama ni dizeli mbichi, naangalia vitu vitatu, na vyote viliguswa.

Cha kwanza ni taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza mafuta. Pampu inashikwa na bolti zinazopita kwenye matundu marefu ili iweze kusogezwa kidogo. Fundi makini huchora mstari kwa ncha kali kwenye ubapa wa pampu na ubapa wa injini kabla ya kuishusha, halafu wakati wa kurudisha anakutanisha mistari. Chukua tochi na kitambaa, futa pale, utafute mstari. Kama upo na haukutani, umeona. Kama haupo kabisa, muulize aliyefunga alipimaje. Ikiwa alikadiria tu, mafuta yanaweza kuwa yanapulizwa pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Hapo ndipo unapata moshi mweupe, nguvu kupungua, na joto jingi kuhamia kwenye ekzosi. Hata jino moja la gia likirukwa, injini ya dizeli inaweza kuwaka, ila kwa mbinde. Kupima si uchawi: unafungua bomba la silinda namba moja pale juu ya pampu, unazungusha krankshafti polepole kwa spana kuelekea kompresheni, na mafuta yaliyo kwenye mdomo yakitikisika tu, unasimama na kusoma alama ya puli, unalinganisha na kipimo cha kitabu. Ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua. Ukimwona anazungusha kwa stata badala ya mkono, chukua gari lako.

Cha pili ni tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya rocka (mkono unaoibonyeza valvu) na valvu. Hapa wengi hawafikirii. Hedi ikiskimiwa inapungua unene. Kwenye injini kama hii, ambayo valvu zinasukumwa na fimbo kutoka chini, hedi ikishuka rocka zinasogelea fimbo, na nafasi ya tapeti inapungua. Kama hawakuiweka upya, valvu zinaweza kubaki zimefunguka unywele mmoja, kompresheni ikavuja hapo, na asubuhi ya baridi injini haipati joto la kuwasha dizeli. Kipimo cha 4D33 ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza na za kutoa sawa. Fila geji (vile vijibati vya kupimia nafasi) ya bei ndogo na subira vinatosha. Usikubali kauli ya "nimeisikiliza, iko sawa".

Cha tatu ni jinsi nozeli, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zilivyokaa. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Mara nyingi ya zamani hung'ang'ania ndani ya tundu, fundi haioni, anaweka mpya juu yake. Nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, na mafuta badala ya kupiga ndani ya kikombe cha pistoni yanapiga kwingine. Au washa haikuwekwa mpya na moto unapenyeza pembeni. Mwagia maji ya sabuni kwenye shina la kila nozeli injini ikiwa imewashwa bila resi. Palipo na mapovu, ndipo. Masizi meusi mabichi kwenye shina ni ushahidi huo huo.

Ili ujue silinda ipi inamisi, legeza kidogo nati ya bomba kwenye nozeli moja injini ikiwa inanguruma taratibu, funika kwa kitambaa, sikiliza. Mlio ukibadilika na injini ikayumba, silinda hiyo inafanya kazi. Mlio usipobadilika kabisa, hiyo ndiyo iliyolala. Kaza, nenda inayofuata. Uso wako uuweke mbali, na kamwe usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi kama sindano, na mtu hupoteza mkono kwa kidonda kilichoonekana kama tundu la pini. Ukimpata mlalaji, kabla ya kulaumu nozeli ibadilishane na ya jirani. Ugonjwa ukihama na nozeli, ni nozeli. Ukibaki, ipimwe kompresheni ya silinda zote nne. Injini ya aina hii ikiwa nzima huwa juu ya kilo 20 kwa sentimita ya mraba kila silinda, na tofauti kati yao ndiyo inayosema zaidi: tatu zikiwa sawa na moja iko chini kwa kilo nne tano, jibu liko ndani ya hiyo moja.

Na kama hedi yako ina plagi za kupasha moto, angalia waya wake haukusahauliwa ukining'inia. Nimeshakuta.

Kukosa nguvu mlimani nako kuna jaribio lake, na dumu la lita tano linatosha. Lijaze dizeli safi, lifunge imara nyuma ya kebini kwa mpira, peleka bomba moja kutoka humo kwenye mlango wa pampu ndogo ya kuvuta mafuta, na bomba la kurudisha nalo liingie humo humo. Asivute mtu sigara. Panda mlima mmoja wa karibu ukiwa na mzigo kiasi. Ikivuta vizuri, pampu yako kubwa ni nzima na gereji wamekosea. Tatizo liko kati ya tangi na pampu ndogo. Huko angalia mabomba yaliyojikunja, na kofia ya tangi: ukiifungua ukasikia tangi linavuta pumzi ndefu, tundu lake la hewa limeziba.

Kama hata kwa dumu haivuti, usirukie pampu bado. Anza na kijichujio kidogo cha wavu kilichofichwa kwenye mlango wa pampu ndogo, ambacho hata madereva wa siku nyingi hawajui kipo, kisha filta, kwa sababu mafuta ya dumu nayo yanapita humo. Mwambie utingo akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa, wewe uangalie mkono wa pampu. Unatakiwa kugusa skrubu ya mwisho. Kebo ikirudishwa imelegea, mkono unaishia nusu njia, na wewe unakanyaga sakafu ukidhani unaipa injini mafuta yote. Nenda tena kwenye ekzosi breki. Ile klapa ndani ya bomba hufungwa na vakyumu. Mipira ya vakyumu ikichanganywa wakati wa kufunga, au klapa ikaganda kwa masizi, inabaki imeziba nusu. Injini inapumua kwa taabu, inakosa nguvu, inapata joto. Shika mkono wake wa nje: unatakiwa kucheza kwa urahisi na kurudi wenyewe hadi mwisho. Hili la klapa linastahili dakika zako tano kabla ya hela yako yoyote.

Sasa maji, ambayo ndiyo yaliyokupeleka gereji. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka mdomoni, ondoa feni belti ili pampu ya maji isizunguke, washa, kofia ikiwa wazi, piga resi kidogo. Usizidishe dakika moja. Maji yaliyotulia yakianza kutoa mapovu mfululizo, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine: asubuhi dakika mbili baada ya kuwasha, mipira ya rejeta inakuwa migumu kama ya tairi wakati maji bado ni baridi. Hapo gasketi mpya imeshindwa, na swali la kuwauliza gereji ni moja: uso wa bloku ulipimwa? Hedi iliskimiwa, sawa, lakini bloku ikiwa na bonde karibu na silinda, hedi iliyonyooka haisaidii. Waulize pia kama hedi ilipimwa ufa kwa presha kabla ya kuskimiwa, na kama bolti zilikazwa kwa spana ya kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Mashimo ya bolti yakiwa na oili au maji ndani, spana ya kipimo itasema imekaza na bolti haijashika.

Kama hakuna mapovu, afadhali. Tafuta maji yanakotokea: pampu ya maji, mipira, na kofia. Kofia nyingi za magari ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha inayoshikilia. Kwenu Makambako maji yasiyo na presha huchemka karibu na nyuzi 95, siyo 100, kwa hiyo kofia iliyolegea inakuadhibu zaidi kuliko dereva wa Tanga. Lita moja inaweza kutoka yote kwa mvuke hapo.

Waulize tena kama walitoa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto. Ni desturi mbaya ya gereji zetu: gari likichemsha, wanaitupa. Kwenye injini nyingi za lori themostati ikishafunguka huifunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na mlimani sehemu ya maji haipoi. Asubuhi nako injini inachelewa kupata joto, na moshi mweupe unadumu. Unaona ilivyoweza kuchangia matatizo yako mawili kwa mpigo. Ikiwa ipo, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, uchemshe, uone inafunguka. Angalia pia ile kava ya plastiki inayozunguka feni. Mara nyingi hubaki nyuma ya gereji ikiegemea ukuta, kwa sababu inasumbua kuirudisha, na bila hiyo feni inazungusha hewa ile ile ya moto.

Na kuna hili: gasketi haikuungua yenyewe Kitonga. Kitu kilisababisha joto, iwe rejeta iliyoziba, kilachi ya feni iliyokufa au kofia. Kwenye maelezo yako sijaona popote wakikitafuta. Gari likiwa la moto, zima, kisha pitisha kiganja mbele ya rejeta bila kuigusa. Sehemu iliyo baridi katikati ya joto imeziba. Zungusha feni kwa mkono: ikiwa nyepesi kama pangaboi, kilachi imekufa.

Mpaka hapo usipakie viazi. Fanya la oili na la pampu ya mkono kesho, la bolti na ekzosi breki keshokutwa, halafu niandikie ulichokiona: ulibonyeza mara ngapi, moshi unanuka nini, mstari kwenye ubapa wa pampu upo au haupo. Ukirudi gereji nenda mchana, na uombe warudishe ile kava ya feni kama ni wao walioiacha.